Pombe Iliyokosa Pumzi

Ndugu wasomaji, Jumapili hii naomba mniruhusu nianze na ugomvi wa nyumbani kwetu. Si desturi yangu kuanika mambo ya ukoo gazetini, lakini ndani ya ugomvi huu mna somo la jikoni ambalo laweza kumfaa kila mama anayepika pombe kwa halali yake, na laweza pia kuokoa udugu wa watu katika nyumba nyingine.

Wagombanao walikuwa wawili: dada yangu mkubwa, mkazi wa Mwanjelwa mjini Mbeya, na wifi yetu, mke wa kaka, mkazi wa Kihesa mjini Iringa. Dada ni mjane. Tangu alipofiwa na mumewe amekuwa akiishi kwa kupika komoni ya mahindi na ulezi, na kwa pombe hiyo amewasomesha watoto wake watatu. Wifi naye hupika, lakini zaidi kwa ajili ya ngoma, harusi na kazi za kusaidiana shambani. Na sifa zake zimevuka Ruaha. Watu husema ana mkono mzuri.

Katikati ya mwaka jana, mwezi wa Julai, wifi alikwenda Mbeya kumtembelea dada. Walipika pamoja pipa moja, ikatoka pombe ambayo wateja waliizungumza wiki nzima. Wifi akarudi kwake. Mara tu alipoondoka, pombe ya dada ikaanza kumkatalia. Pipa la kwanza lililala siku mbili likiwa tamu kama togwa ya watoto, na siku ya tatu likawa kali kama siki. Pipa la pili likawa hivyo hivyo. La tatu likamwagwa kwenye shimo la taka.

Mnajua maneno ya mtaani yalivyo. Hazikupita siku nyingi kabla jirani mmoja hajanong'ona kwamba wifi ameondoka na baraka ya jiko. Mwingine akasema mkono mzuri ukiingia nyumba ya mtu huchukua, hauachi. Dada yangu si mtu wa kuamini upuuzi, lakini mapipa matatu ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba, ni kuni na mahindi yaliyonunuliwa kwa fedha taslimu. Mtu aliyepoteza hayo yote huwa tayari kusikia lolote. Akaacha kupokea simu za wifi yake. Ndipo kaka aliponipigia mimi akasema: "Mdogo wangu, nenda ukaone kuna nini, kabla jambo hili halijawa la ukoo mzima."

Nikafunga safari. Nilianzia Iringa, maana niliona si haki kumhukumu mtu kabla ya kuona anavyofanya kazi. Nilimkuta wifi siku ya kupika. Togwa yake ilikuwa imekwisha chemshwa mara ya pili, nayo ilikuwa ndani ya sufuria kubwa, sufuria imezamishwa katika karai la maji baridi. Alipogusa kwa ngozi ya ndani ya mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto, akaridhika kwamba joto limekwisha, akaanza kazi ambayo sikuwahi kuifikiria.

Alipanda juu ya kigoda. Akachota togwa kwa ndoo, akainyanyua hadi usawa wa kifua, akaimimina katika pipa lililokuwa chini, ikapita kwanza katika kopo kubwa lililotobolewa matundu kwa msumari. Togwa ikanyesha kama mvua ya masika. Povu likapanda. Kisha akachota tena kutoka katika pipa, akarudisha katika ndoo nyingine, akamimina tena. Alifanya hivyo mara saba au nane, jasho likimtiririka, na mwisho akachukua upekecho mrefu na kuupekecha ndani ya pipa mpaka juu kukawa kumetanda povu jeupe. Hapo tu ndipo alipotia mashapo ya pombe ya nyuma, akafunika.

Nikamwuliza: "Wifi, kwa nini unajichosha hivyo? Si ungemwaga mara moja tu?"

Akacheka. "Hivi ndivyo alivyonifundisha bibi. Alikuwa akisema togwa iliyotoka motoni imechoka, haina pumzi. Hapana budi uipe pumzi kabla ya kuipa kazi."

Nilipoaga, akanipa chupa ya mashapo yake, imezibwa kwa jani la mgomba ili hewa iweze kutoka. Akasema: "Mpelekee wifi yangu. Hata kama hataki kunisikia mimi, labda pombe yake itanisikia." Kutoka Iringa mpaka Mafinga, kutoka Mafinga mpaka Makambako, na kutoka Makambako mpaka Igawa, chupa ile ilikuwa ikinung'unika mapajani mwangu, na abiria wa pembeni akawa akinitazama kwa wasiwasi.

Mbeya nilipokewa vizuri, ingawa jina la wifi halikutajwa. Asubuhi yake nikaomba nioneshwe jiko. Dada akanionesha kwa fahari kitu kipya: mwanawe ambaye ni fundi bomba alikuwa amemtengenezea mapipa mawili. Pipa la juu, lililowekwa juu ya matofali, lilikuwa na koki. Kutoka kwenye koki mpira mrefu ulishuka mpaka chini kabisa ya pipa la pili. Togwa ikishapoa, hufunguliwa koki, nayo hushuka polepole bila kelele wala kumwagika hata tone moja. "Mgongo wangu umepona," dada akasema. "Zamani nilikuwa nikibeba ndoo mpaka usiku nashindwa kulala."

Nikamwuliza kifaa hicho kililetwa lini. Akafikiri kidogo. "Wifi alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Wiki ile ile."

Ndugu wasomaji, nadhani mmekwisha anza kuona. Lakini kuona si kuelewa, na kuelewa si kumshawishi mtu aliyeumia. Basi tuitazame pombe yenyewe.

Pombe haipikwi na mama. Mama hupika togwa tu. Pombe hupikwa na chachu, na chachu ni viumbe hai, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari ya togwa na kutoa kilevi pamoja na ile hewa inayochemka na kuleta povu. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyeonesha wazi zaidi ya miaka 150 iliyopita kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hao, na mwaka 1876 akachapa kitabu kizima juu ya bia. Pasteur aligundua pia jambo linaloshangaza: chachu yaweza kuishi na kufanya kazi bila hewa, lakini ikipata hewa huzaana kwa wingi zaidi.

Baadaye, katikati ya karne iliyopita, wataalamu walieleza sababu. Kila chembe ya chachu imevikwa utando laini, na ili chembe igawanyike kuwa mbili ni lazima ijenge utando mpya. Katika utando huo mna mafuta ya namna fulani ambayo chachu haiwezi kuyatengeneza bila oksijeni. Ikiipata oksijeni mwanzoni, hujiwekea akiba, huzaana, na jeshi lake huwa kubwa. Ikikosa, huzaana mara chache tu, kila kizazi kikigawana akiba ile ile iliyozidi kupungua, mpaka utando unakuwa dhaifu na kazi inasimama njiani. Sukari hubaki bila kuliwa. Na palipo na sukari pasipo na mwenyewe, wageni hawakosi: bakteria wa uchungu huingia na kujimegea.

Sasa, togwa iliyochemka haina oksijeni. Maji yoyote yanapochemka huifukuza hewa iliyomo ndani yake. Ndiyo maana maji yaliyochemshwa yakapoa huonja kama yamekufa ladha. Bibi yake wifi hakuwa na maabara, lakini aliposema togwa iliyotoka motoni haina pumzi, alisema kweli tupu.

Katika nyanda zetu za juu jambo hili lina uzito zaidi kuliko pwani. Mji wa Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mita kama 1,600. Huku hewa ni nyepesi. Maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95 za sentigredi, badala ya nyuzi 100 za Tanga au Dar es Salaam. Hewa ikiwa nyepesi, kiasi kinachoweza kuyeyuka ndani ya togwa nacho hupungua. Pwani, lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kubeba miligramu kama 9 za oksijeni. Mbeya lita hiyo hiyo hubeba kama 7 na nusu tu. Watengenezaji bia hupenda togwa yao iwe na miligramu 8 hadi 10. Kwa hiyo mama wa Mwanjelwa anaanza akiwa amepungukiwa, na akimimina kimyakimya kwa mpira uliozama mpaka chini, hata kile kidogo anachostahili hakipati.

Viwandani jambo hili halibahatishwi. Mbeya yenyewe imekuwa na kiwanda cha bia tangu mwaka 2009, na katika viwanda vya namna hiyo togwa iliyopozwa hupulizwa hewa iliyochujwa, au oksijeni yenyewe, ndani ya bomba ikiwa njiani kwenda kwenye tangi. Sisi hatuna mitambo hiyo. Tuna ndoo, kopo lililotobolewa, na nguvu za mikono.

Nilimweleza dada haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Maneno ya vitabu ni mazuri. Lakini mimi nimemwaga mapipa matatu." Nikaona hapana budi macho yake yenyewe yatoe ushahidi.

Tulipika togwa moja, tukaichemsha, tukaipoza pamoja. Tukachukua madumu mawili safi ya lita 10. Dumu la kwanza tulilijaza lita 5 kwa mpira, polepole, kama alivyozoea. Dumu la pili tulilijaza lita 5 vilevile, tukalifunga kizibo, na mwanawe wa mwisho akalitikisa kwa nguvu kama dakika tano, akipumzika na kufungua kizibo kila mara hewa mpya iingie. Kisha kila dumu tukalitia kata moja ya mashapo, yale yale niliyotoka nayo Iringa. Tukaziba midomo kwa kitambaa, tukayaweka karibu na jiko, tukayafunika blanketi moja, maana usiku wa Mbeya ni baridi. Ilikuwa saa 10 alasiri.

Saa 12 asubuhi dada aliniamsha. Dumu lililotikiswa lilikuwa limejaa povu hadi shingoni, linachemka kama chungu cha maharage. Dumu la mpira lilikuwa limetulia kama tulivyoliacha. Lilianza kutoa mapovu machache mchana, na siku ya tatu, wakati mwenzake amekwisha kuwa komoni ya kunywewa, lenyewe lilikuwa bado tamu na limeanza kunuka uchachu.

Dada aliyatazama madumu yale kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiinyima pumzi." Akaenda nje na simu yake. Sikumfuata, lakini dirisha lilikuwa wazi, nikasikia: "Wifi, ni mimi. Nisamehe." Baada ya hapo nilisikia kilio, kisha kicheko, na mwisho mazungumzo marefu juu ya bei ya ulezi.

Sasa, kwa faida ya wale watakaotaka kufanya hivyo nyumbani, nitaeleza njia zenyewe moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza ni ya wifi: kumimina kutoka juu. Ndoo mbili safi zatosha. Mimina togwa iliyopoa kutoka kimo cha mita moja hivi, mara 6 hadi 8. Kopo lililotobolewa matundu, au chujio, husaidia sana, kwa kuwa matone madogo hukutana na hewa nyingi kuliko mkondo mmoja mnene. Njia hii hutumia nguvu, na mwenye mgongo mbaya atafute kijana wa kumsaidia.

Njia ya pili ni kutikisa dumu. Lisijae, liache nusu yake tupu, kwa sababu hewa iliyomo ndiyo inayoingia katika togwa. Kwa pombe ya lita 20 au 30 ni afadhali kutikisa mafungu madogo kisha kuyakusanya.

Njia ya tatu ni upekecho au mwiko mrefu. Hufaa kwa pombe nzito yenye machicha, ambayo haipiti katika matundu. Wanaotia unga wa kimea kibichi mwishoni na kuukoroga kwa nguvu huwa tayari wanaitia hewa pasipo kujua, ndiyo maana wengi wao hawajawahi kupata tatizo hili.

Njia ya nne ni ya dada. Sikutaka aache mapipa yake mapya, kwani mgongo wa mjane ni mtaji. Tulikata tu mpira ukawa mfupi, usifike chini, tukaufunga mdomoni kopo lenye matundu. Sasa togwa hushuka yenyewe, hunyesha kutoka juu kabisa ya pipa la chini, na kazi ya wifi hufanywa na koki. Alipoona inavyofanya kazi, dada aliuita mpira ule "mkono wa wifi," na jina limebaki.

Wapo wanaotumia pampu ya baiskeli na mpira mwembamba. Yafaa, lakini kwa masharti. Pampu ina grisi na vumbi. Hewa yake hapana budi ipite katika pamba safi iliyoshindiliwa ndani ya kipande cha mpira, na mpira unaozama katika togwa uchemshwe kwanza. Asiyeweza kutimiza hayo abaki na ndoo. Na tafadhali, mtu asipulize kwa mdomo. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ile tunayoitoa imebaki na kama asilimia 16 au 17, tena imebeba vijidudu vya mdomoni. Huko ni kuipa chachu makombo pamoja na maradhi.

Zaidi ya njia zote, kuna jambo moja ambalo mtu akilisahau, hewa hiyo hiyo iliyokuwa rafiki itamgeuka. Hewa ina wakati wake.

Wakati wake si pombe ikiwa ya moto. Togwa ya moto haishiki hewa, na kuikoroga sana ikiwa moto huharibu ladha na rangi yake. Subiri ipoe mpaka nyuzi 25 hivi, isiyo ya moto wala ya baridi kwenye ngozi. Wakati wake ni pale tu kabla ya kutia chachu au mara baada ya kuitia. Chachu yenye afya huimaliza oksijeni yote katika saa chache.

Povu likisha panda na pombe ikaanza kuchemka, acha. Usifunue, usikoroge, usimimine tena kwa fujo. Tangu hapo hewa ni chakula cha adui, yaani bakteria wa siki, ambao hukitwaa kilevi na oksijeni na kuvigeuza kuwa siki. Bakteria hao huletwa hata na vile vinzi vidogo vya matunda vinavyozunguka ndizi mbivu. Kwa hiyo funika kwa kitambaa safi kilichofumwa vizuri, na juu yake mfuniko. Lakini usikaze kizibo cha dumu linalochemka, kwani hewa inayotoka ina nguvu ya kulipasua.

Watu wengine wataniuliza: mbona mimi natumia hamira ya dukani na sijawahi kutikisa kitu? Ni kweli. Hamira kavu hukuzwa kiwandani kwa hewa nyingi, ikafungwa ikiwa na akiba yake tayari, hivyo mara ya kwanza yaweza kufanya kazi bila msaada mkubwa. Lakini ukichukua mashapo ya pombe hiyo ukaanzishia nyingine, akiba imekwisha. Ukikosea mara mbili au tatu mfululizo, mashapo huwa ya chachu iliyochoka, wala hakuna koroga itakayoyafufua. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada: pipa la pili lilirithi unyonge wa la kwanza. Mashapo yakishaharibika, yatupe, uombe mapya kwa jirani mwenye pombe nzuri. Hilo nalo ni fundisho: fundi wa pombe hawezi kuishi kwa kugombana na mafundi wenzake.

Wanywaji wa ulanzi wa Iringa na Njombe hawana haja ya haya yote. Maji ya mwanzi hayachemshwi. Hudondoka yenyewe katika chombo, yakipita hewani tone kwa tone, na chachu huyakuta huko huko shambani. Ni sisi tunaopitisha vinywaji vyetu motoni tunaodaiwa kurudisha kile ambacho moto umekiondoa.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina maonyo matatu ya lazima.

La kwanza ni vyombo. Pipa au dumu lililowahi kuwa na dawa ya wadudu, mbolea au mafuta ya mitambo halisafishiki kwa ajili ya chakula, hata ulisugue kwa majivu siku nzima. Na pombe yenye uchachu isilazwe katika ndoo ya bati lililopakwa zinki, maana asidi hulila bati hilo na mnywaji akatapika.

La pili ni nafaka. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulionesha kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria walikuwa wameweka ndani yake sumu isiyoondolewa na moto. Basi unga ulioloa na kuvunda, au mahindi yenye ukungu, usiseme "yatafaa kwa pombe." Hayafai kwa pombe, hayafai kwa uji, wala hayafai kwa kuku.

La tatu ni sheria na kiasi. Anayepika ili auze ahakikishe ana leseni, na asithubutu kuivusha pombe yake kuwa gongo, ambayo imekatazwa na Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Mama mjamzito na watoto wapewe togwa, wasipewe pombe. Na baba anayekunywa akumbuke kwamba pipa moja zuri lililosomesha mtoto wa muuzaji halipaswi kumnyima ada mtoto wa mnunuzi.

Mwezi uliopita wifi alikwenda tena Mbeya. Walipika pamoja, dada akifungua koki na wifi akisimama pembeni, mikono kiunoni, akilitazama lile kopo lenye matundu likifanya kazi aliyoifanya yeye kwa miaka mingi juu ya kigoda. Naambiwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Na mimi nitafutieni fundi."

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.